Soketi ya Jirani Yangu

Ekstensheni yangu ilikuwa imekataliwa melini. Kaka yangu alikuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli ya watalii, na siku ya kupanda, kule Mombasa, aliibeba ndani ya begi: nyeupe, ndefu, nzito, ile aina yenye taa nyekundu na kinga ya umeme ukiruka. Wakaguzi wa mlangoni wakaitoa wakaiweka kando. Walimwambia kinga hiyo haipatani na umeme wa meli, inaweza kushika moto, na moto ukiwaka katikati ya bahari hakuna pa kukimbilia. Mkataba wake ulipoisha wakamrudishia, naye akaniletea mimi kwenye mtaa wetu wa mabanda, Mashimoni, pamoja na mahubiri yote ya melini. Usichomeke ekstensheni kwenye ekstensheni nyingine. Usifunike chaja kwa nguo. Usirundike simu zikiwa kwenye chaji. Ukitoka, chomoa.

"Huku ni nchi kavu," nikamwambia.

"Nchi kavu yako imejengwa kwa mbao," akanijibu.

Nilimcheka, lakini sheria zake nilizishika kuliko hata amri za kanisani. Nilikuwa na kibanda cha kuchaji simu, umeme wenyewe wa kuvutiwa na fundi wa mtaa, na watu walizoea kuniita polisi. Simu ikijaa naitoa. Wa pili aingie. Hata uwe shemeji yangu, sikuongezi dakika. Wateja walinung'unika, kisha wakarudi, maana kwangu hapakuwa pamewahi kuungua chaja.

Kazi ile ilikuwa na desturi moja. Simu nyingi zilikuwa mulika mwizi, zile ndogo za tochi, nyeusi, zimefanana kama maharagwe, kwa hiyo kila moja nilibandika kipande cha selotepu ya karatasi mgongoni na kuandika jina la mwenyewe. Jina lenyewe, la kwao, kwa sababu akina mama fulani na baba fulani walikuwa wengi mno. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kufikiri kwamba selotepu yangu ilikuwa inasema mtu ametoka wapi.

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, kesho yake alikuja mteja mmoja, akachukua simu yake, na kabla hajatazama kama imejaa akaanza kukwangua jina lake kwa ukucha. Nami sikumuuliza. Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo. Moshi ulikuwa unapanda upande wa reli, na mimi nikakaa chini nikabandua majina yote yaliyobaki, moja moja, nikayafinyanga kuwa kidonge na kukitupa. Tangu siku hiyo kila mtu alileta alama yake. Huyu alifunga mpira wa kufungia sukumawiki, yule akachora msalaba kwa wino. Kuna mzee alibandika kifungo cha shati. Watu walikaa kwenye benchi langu bila kuitana, wakisubiri simu zao, wakitazama ile taa nyekundu.

Mimi ni wa Kitui, na siku zile watu wa kwetu tulionekana wa pembeni. Hakuna upande uliotutilia maanani sana. Nadhani ndiyo sababu kibanda hakikuguswa, na ndiyo sababu watu wa kila aina waliendelea kuja. Ningependa kusema nilikuwa jasiri. Sikuwa. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilipika, nilikula, nilichomeka, nilichomoa. Duka la ng'ambo ya njia liliteketea mchana nikitazama, na nilichowaza ni kwamba moshi utachafua nguo nilizoanika.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama wa watoto wawili kutoka Magharibi. Mumewe alikuwa fundi wa mbao, na baada ya Krismasi alikuwa amepata kazi Kawangware, akawa analala hukohuko. Siku ile ya matokeo alimpigia mkewe simu jioni. Akamwambia yuko salama, betri inakaribia kuzima, asubuhi ataipeleka simu kwenye chaji kisha ampigie.

Hakupiga.

Jirani alinihadithia hayo maneno mara nyingi hata nikayajua kwa mpangilio wake. "Alisema anapeleka chaji," alirudia. "Si unajua huko stima imepotea? Akipata chaji atapiga." Kutoka Mashimoni hadi Kawangware mtu huenda kwa miguu akarudi siku hiyohiyo, lakini siku hizo hakuna aliyevuka. Kadi za simu nazo zilikuwa zimeadimika. Alikuwa na salio la kuflash tu, yaani kupiga na kukata, na kila akiflash aliambiwa mteja hapatikani.

Betri yake yeye ilikuwa imechoka, haikai na chaji. Kwa hiyo kila asubuhi alikuja na simu yake iliyofungwa uzi wa bluu, akaniomba jambo moja: isizimwe ikiwa kwenye chaji, maana mimi simu zote nilizizima. Nikamkubalia. Nikampa soketi ya mwisho, ile ya karibu na mlango, ambayo waya wake ulifika miguuni mwa benchi. Lakini ikijaa nilimtolea.

"Jirani, imejaa."

"Iache kidogo tu."

"Kuna watu kwa laini."

Akainuka akaenda nayo mkononi, ameishika kama mtu aliyebeba yai. Sikumwonea huruma. Nasema kweli, nilitafuta huruma ndani yangu nikakuta hakuna kitu, pamekauka.

Kijana mmoja alikuja na ekstensheni yake ndogo, akataka aichomeke kwenye yangu ili simu ziingie nyingi. "Mathe, si tuunganishe tu, wasee ni wengi." Nikamfokea mpaka watu wakageuka. Nilimpigia kelele kuhusu moto, kuhusu meli, kuhusu mbao, kelele ambazo sikuwa nimempigia mtu yeyote tangu nyumba zianze kuchomwa. Alipoondoka nikarudi kuchomeka na kuchomoa.

Wiki zikapita. Barabara zikaanza kupitika, viongozi wakawa wanakutana kuzungumza, na kwenye benchi watu walianza kusalimiana kidogo. Jirani alikuwa bado anakuja. Asubuhi moja, kibanda kimejaa, simu yenye uzi wa bluu ikalia.

Akaiona namba. "Ni yeye," akasema, na akainama kuipokea bila kuichomoa, kichwa karibu na sakafu. Zile simu sauti zake zilitoka nje kama redio ndogo. Sote tulisikia.

"Halo?" Alikuwa mwanamume, na hakuwa mumewe. "Samahani mama. Mimi ni mtu wa kuchaji simu, huku Kawangware. Kuna simu iliachwa kwangu ile asubuhi mambo yaliharibika. Nilifunga duka nikatoroka. Nimerudi, nimefungua, hii ni wiki ya pili. Wenye simu wote wameshakuja wakachukua zao. Imebaki hii tu. Nikaona niiwashe, meseji zikaingia kwamba hii namba ilikuwa inaflash sana, nikaipigia."

Jirani akaikandamiza simu sikioni.

Mimi nilikuwa nimeelewa kabla yule mtu hajamaliza. Ni kazi yangu. Mtu aliye mzima hulala akiiwaza simu yake, na duka likifunguliwa anakuwa wa kwanza mlangoni.

"Mama, uko? Nilikuwa nauliza ni ya nani. Haina jina. Majina nilibandua zote."

Jirani akanyanyua uso akatutazama: mimi, mzee wa kifungo, kijana wa ekstensheni ambaye alikuwa amerudi, na wengine ambao siku zile hakuna aliyetaka kujua wanatoka wapi. Kisha akalitaja jina la mumewe. Lote, majina yote matatu, pamoja na la babu, polepole kama anayeandikisha mtoto shule. Hakuna aliyejitikisa kwenye benchi. Mzee alivua kofia.

"Ngoja niandike," yule mtu akasema, na nikasikia selotepu ikikatwa. Sauti hiyo naijua. "Sawa. Nimebandika. Imejaa, mama. Niizime ama niiache ikiwa imewaka?"

"Iache," jirani akasema.

Laini ikakatika. Alikaa vilevile, ameinama, simu sikioni, waya umemshika kwenye soketi. Machozi yalinitoka, na nilishangaa, kwa sababu nilidhani hayo nayo yalikwisha. Watu kwenye benchi walikuwa wamezishika simu zao zilizokufa, wakingoja zamu.

Baadaye akaitoa simu sikioni, akaifuta kwa leso.

"Yangu imejaa?" akaniuliza.

Ilikuwa imejaa kitambo.

"Bado," nikamwambia. "Kaa."