Chupa Mbili za Mrehani

Kwanza nilisikia mluzi, mwembamba na mkali, ukitoka nyuma ya lango la bati. Mama alisimama katikati ya vumbi la mtaa wa Bel-Air, chupa yake ya mafuta ameibana kifuani.

"Njo ile mashini?" akaniuliza.

"Njo yenyewe, mama," nikaitikia.

"Inalia sawa nyoka."

Yaya, kaka yangu mkubwa, alitufungulia. Alimsalimia mama huku akitazama saa ya kupimia mgandamizo kwenye mashini. Tangu arudi na diploma yake ya kemia alikuwa amekodi gereji hiyo na kuijaza mitungi ya chuma na mabomba, hata majirani wakaamini anasafisha kobalti ya kuiba kutoka mgodi wa Ruashi. Laiti ingekuwa kobalti. Alikuwa anakamua mrehani, jani lilelile ambalo mama, binti wa watu wa Maniema, alilichemsha maisha yake yote katika sufuria ya shaba huko kwetu Naviundu, akikinga mvuke wake ili kupata mafuta ya maharusi.

Nami nilikuwa naolewa Jumamosi ile. Kwetu bibi harusi hupakwa mafuta hayo na mama yake mzazi, kwa mikono yake, mlango umefungwa. Katika harusi nzima, hicho ndicho nilichokitaka kuliko vyote. Lakini yaya alitaka nipakwe mafuta yake, mama akakataa, na wawili hao walikuwa wameacha kula pamoja. Mwishowe yaya akampigia mama simu: "Leta mutoto achague." Mutoto ndiye mimi.

"Iko hewa tu," yaya alimweleza mama, polepole, kama anayesema na kiziwi. "Ile inatokaka mu-pua, ile inaleta povu mu-soda." Hewa hiyo aliigandamiza kwa nguvu kubwa na kuipasha moto kidogo, mpaka ikawa si hewa tena wala si maji: iliingia ndani ya jani kama moshi, ikabeba vilivyomo kama maji. Kwenye mtungi wa kwanza alilegeza mgandamizo kidogo, nta ikaanguka. Kwenye wa pili akalegeza zaidi, manukato yakaanguka, na hewa ikajiendea zake. "Haibakie kitu, mama. Haina pombe. Hata shehe hatakuwa na neno."

"Shehe njo atamupaka?"

Yaya alifungua mtungi akammiminia kiganjani majani yaliyokwisha kukamuliwa. Yalikuwa bado ya kijani. Mama aliyanusa, akayatafuna, akayatema kwenye sakafu iliyofagiwa.

"Inaonekana muzima, kumbe iko maiti."

"Na yako? Yako inatoka mu-sufuria imeiva sawa sombe ya muhogo."

Yaya aliweka chupa mbili mbele yangu, yake na ya mama, akaniamuru nifumbe macho.

"Usimuonee mama huruma," akasema.

"Na usimuogope yaya yako," akasema mama.

Niliwachukia wote wawili. Nilinusa ya kwanza: moshi, shaba, utamu mzito, jiko letu, shingo za shangazi zangu siku za harusi. Nikanusa ya pili, na nikawa nimesimama kwenye tuta letu la mrehani Naviundu asubuhi, umande miguuni, jani nimelivunja sasa hivi kwa vidole, hakuna mtu aliyekwisha kulifanya lolote. Nilitamani inuke chuma. Nilitamani inuke kiburi cha yaya. Ilinuka mrehani.

"Sema," yaya akasema.

"Mama, nipake tu yako, twende."

"Sikukuuliza ya kupaka." Sauti ya mama ilikuwa kavu. "Iko gani ya muzuri? Usinidanganye. Batu bote bananidanganya tangu huyu alirudia."

"Ya yaya."

Mashini ikapiga mluzi tena. Mama alichukua chupa yake, akakaza kifuniko, akaifuta kwa pindo la kitenge kana kwamba tumeichafua.

"Bon. Basi akupake yeye."

"Mama, mwanaume hawezi..." yaya alianza.

"Uko na mashini. Itakupakia."

Nilimshika mama mkono. Aliutazama mkono wangu mpaka ukaachia wenyewe. Kisha akavuka ua bila haraka, kichwa juu, na lango la bati likajifunga kwa kishindo nyuma yake.