Kichaka cha Koko Tulichochoma Ili Tupande Miti

Kuna siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Ndiyo, mwanangu: nina miaka kumi na saba, nawe wa mwaka wa kwanza pengine una kumi na miwili, lakini vumilia. Aliyetangulia kuungua ndiye anayejua moto ulipo, na mimi nimeungua vizuri.

Ilikuwa Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya kila wiki, nasi wa upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto, tulifika na majembe na nyimbo za kusifu Chama. Shule ilikuwa imeletewa miche ya mikaratusi, miti ya ugenini inayokua mbio kama mtu anayekimbia salongo. Amri ilikuwa tuipande kwenye uwanja mtupu nyuma ya madarasa, penye udongo mwekundu ambao hata majani yameukataa. Jembe likigonga, linadunda. Mimi nilikuwa kiongozi wa kikundi, na saa tisa kulikuwa na mpira.

"Bon, wandugu," nikasema, "juu ya nini tuvunje mikono? Kichaka ya koko iko pale, udongo yake laini sawa fufu."

Koko ni bibi yangu, aliyemzaa mama. Mama alikufa nikiwa mdogo, tukabaki wawili nyumbani. Kichaka chake kilipakana na uwanja. Marehemu babu aliacha kukilima zamani, miti ya msitu ikarudi yenyewe, ile ambayo mbinzo, viwavi tunaowala, hupenda majani yake. Koko aliokota humo mbinzo na uyoga, akauza sokoni, tukala, nikasoma. Mwezi huo hakuwepo: alikuwa matangani Yanonge, shemeji yake amefariki. Nikamwambia mwalimu wa zamu kwamba koko ameruhusu. Niliongopa bila hata kukohoa.

Tulikikata kichaka, tukaacha kikauke, na Jumamosi ya tatu tukachoma. Moshi ulipanda mpaka jua likawa jekundu, nasi tukacheza kuuzunguka kama wehu. Kisha tukapanda mikaratusi kwa mistari, imesimama kama askari wa gwaride. Mkuu wa shule akanipa mkono, akaniita raia kwa Kifaransa kama Chama kilivyotaka: "Sitoyeni, uko mwanamapinduzi kweli!" Nilitembea siku mbili bila kugusa ardhi.

Koko aliporudi aliweka kikapu chini, akapita katikati ya mistari, mmoja baada ya mwingine. Nikajaribu mzaha, maana ndiyo dawa yangu ya kila kitu.

"Koko, wageni walikuja kukusalimia."

Hakucheka. "Mutoto yangu, wazee wanasema mugeni njoo, mwenyeji apone. Hii wageni yako imeua mwenyeji. Mbinzo itakula nini? Na mimi nitakula nini?"

"Itakomaa mbio, Koko."

"Mbio ya kwenda wapi?"

Msimu wa mbinzo ukafika. Hakuna kiwavi aliyegusa jani la mkaratusi, na uyoga haukuchomoza hata mmoja. Koko alizunguka pale wiki nzima na kikapu kitupu. Halafu akafunga kitenge chake cha safari akashuka mtoni, arudi Yanonge kwa dada yake mjane, ambako msitu bado upo. Aliniambia twende wote. Nikasema nina shule. Akanishika kichwa kidogo, akapanda mtumbwi. Tangu siku hiyo nyumbani napika mimi, nakula mimi, na mizaha yangu naisikia mwenyewe.

Mwaka huu mwalimu wetu wa biolojia alitupeleka kuchimba mashimo mawili: moja chini ya mikaratusi, moja kwenye kipande cha kichaka kilichonusurika na moto. Kichakani udongo ulikuwa mweusi mpaka kiwiko kikazama. Kwenye mikaratusi, weusi uliishia urefu wa kidole.

"Ule weusi ni kaboni," akasema. "Mti unaivuta hewani, unajengea mwili. Majani yakianguka na kuoza, nyingine inalala udongoni. Hapa mulichoma gunia la kaboni lililojaa, mukaweka gunia la robo. Mungepanda kule uwanjani, kwenye gunia tupu, mungekuwa mumeongeza."

"Alors, mwalimu, hili litajaa lini tena?"

"Labda mjukuu wako ataona."

Majuto ni mjukuu, wanasema, na mjukuu mwenyewe alikuwa amesimama pale na jembe. Darasa lilisubiri niseme kitu cha kuchekesha. Nikaanza kufukia shimo.

Basi sikia, mwanangu, maana nasikia miche mingine inakuja. Usiache mbachao kwa msala upitao. Panda, sikukatazi, lakini panda palipo patupu, hata jembe lidunde na mpira ukupite. Palipo na msitu, hata ukiuona vurugu tu, uliza kwanza nani anakula humo, na uliza kabla ya kuwasha kiberiti. Ukiona mti unakua mbio, usidhani umebeba zaidi; angalia na chini yake. Na usimsemee mzee asiyekuwepo.

Mungu akuze unachopanda, mwanangu. Akupe mbinzo msimu hata msimu. Na kila jioni ukichelewa kurudi, akuwekee mtu mlangoni wa kukugombeza.