Jumamosi za Bwana Shamba

Mwaka 2012 tulihamishiwa Kasulu, mimi mwalimu wa sekondari, mume wangu afisa kilimo, yule ambaye wanakijiji humwita bwana shamba. Mimi mtu wa Tanga, yeye wa Kilimanjaro. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika Kigoma, wala aliyeomba kupelekwa. Watumishi wenzetu walishinda barazani wakilalamikia vumbi, maji na ugali wa muhogo, na niliwadharau kwa uvivu wao. Lakini nilimdharau zaidi mume wangu, kwa sababu yeye aliamua kuipenda Kasulu kabla hajaijua.

"Mke wangu," aliniambia wiki ya pili, "hatutakaa hapa kama wafungwa. Kila Jumamosi tutatoka tukaone."

Tukaone nini, sikuuliza. Alinunua kamera ndogo na kofia pana yenye kamba ya kufunga kidevuni. Nami nikajifunga kanga usoni kuzuia vumbi, nikapanda nyuma ya pikipiki.

Safari ya kwanza ilikuwa ya maporomoko ya maji aliyosimuliwa ofisini. Tuliacha pikipiki kwa watu, tukapanda na kushuka vilima kwa saa mbili, mwisho tukakuta kijito kinadondoka juu ya jiwe, na wanawake wawili wanaosha mihogo. Alipiga picha za jiwe kutoka kila upande. Mwanamke mmoja akamuuliza, kwa huruma ya kweli, "Baba, umepoteza kitu?"

"Wakati wa mvua yanakuwa makubwa," mume wangu aliniambia tukirudi.

Jumamosi nyingine tulikwenda gulioni Nyakitonto. Huko alimkuta mzee anauza asali, akamfundisha namna ya kutambua asali halisi. Mikono ya mzee yule ilikuwa imejaa makovu ya kuumwa na nyuki. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kumbe." Mume wangu alifurahia hiyo "kumbe" wiki nzima.

Mimi nilikuwa na njia yangu ya kuijua nchi ile, na niliiona bora. Jirani yetu alikuwa mama mjane, mkulima wa maharage, aliyezaliwa na wazazi waliokimbia Burundi, mwenyewe akiwa raia wa Tanzania. Jioni nilikaa naye uani tukichambua maharage, akinifundisha Kiha, lugha ya huko, neno kwa neno.

"Mumeo anatafuta nini huko milimani?" aliniuliza siku moja.

"Anatembea tu."

"Kwao hakuna mlima?"

Nilicheka hadi nikamwaga ungo. Sikumwambia mume wangu. Nilianza kuyaweka moyoni mambo kama hayo, na kila nilipoongeza moja nilijiona mwerevu zaidi.

Mwaka uliofuata tulialikwa Titye kwenye sikukuu ya mavuno ya kanisa. Watu walileta mikungu ya ndizi, mihogo, kuku na maharage mapya, ngoma ikapigwa, kina mama wakacheza hadi vumbi likatimka. Sisi tuliwekwa mbele kwenye viti vya plastiki kwa sababu ni watu wa serikali. Mgeni rasmi alichelewa, akaja, akasema maneno matatu, akaondoka na kuku wawili. Kisha mume wangu akapewa kipaza sauti.

"Mwakeye!" akapaza sauti. Hiyo ni salamu ya asubuhi, na sasa ilikuwa saa tisa mchana. Wanawake wakaziba midomo kwa kanga. Yeye akatabasamu, akadhani wamefurahi. Akaeleza namna ya kupanda migomba, nafasi kati ya shimo na shimo, na samadi, huku mbele yake imelala mikungu ambayo mwanamume mmoja asingeweza kuibeba. Katekista alitafsiri, na kila alipotafsiri maneno yalizidi kuwa mafupi.

Alipomaliza, bibi mmoja alisimama akasema jambo kwa Kiha. Umati wote ukacheka.

"Bibi anakushukuru," katekista akasema. "Anasema umefundisha vizuri."

Mume wangu akamwinamia bibi. Mimi nilikuwa nimemwelewa. Aliuliza hivi: bwana shamba, shamba lako mwenyewe liko wapi tuje tujifunze? Nami nilikuwa nimecheka pamoja na umati, kwa sauti, na aliniona.

Njiani alisimamisha pikipiki. "Ulicheka nini?"

Nilimwambia. Ningeweza kulipamba lile neno, nikaamua kumpa kama lilivyo, na nakiri niliona raha. Aliwasha pikipiki. Jumamosi iliyofuata alibaki nyumbani akirekebisha mlango ambao haukuwa na tatizo. Iliyofuata pia. Safari zikafa, na nyumba ikajaa ukimya ambao niliudharau kuliko ile kofia.

Mwaka 2014 jirani yetu alimwoza binti yake Kibondo, akatuomba twende. Tulisafiri kwa basi. Kwenye sherehe, mshereheshaji alimwita mume wangu aseme neno. Alikataa kwa heshima, akaninyooshea mimi mkono. "Mwalimu anakijua Kiha," alisema. Sikuona hila usoni pake.

Nikasimama. Nilianza kwa salamu sahihi, watu wakashangilia, na makofi yale yakanilevya. Nikaongea kuhusu elimu ya mtoto wa kike, mbele ya bibi harusi ambaye mama yake aliuza maharage miaka kumi na zaidi hadi binti akamaliza chuo cha ualimu. Niliendelea kuongea. Nilimwona jirani yangu akitazama chini, akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Hakuna aliyecheka. Walinisikiliza kwa adabu ileile ya mzee wa asali, na mmoja, nyuma, akasema, "Kumbe."

Niliketi. Nilisubiri mume wangu aseme kitu. Alikuwa na haki ya kusema. Alinisogezea sahani ya pilau.

"Kula," alisema. "Kinapoa."

Nilikula. Jumamosi iliyofuata, mimi ndiye niliyemuuliza tunakwenda wapi.

"Popote," alisema, "ila tusiwahutubie watu."