Nilichoma tepe za mama nikabaki na daftari moja

Wakuu wa jukwaa la biashara, nawasalimu wote. Wa rika langu habari zenu, na nyie wengine nipeni shikamoo yangu, maana nina miaka sabini na ushee na naandika kwa kidole kimoja. Haya nimeyaishi mwenyewe. Nilipofanya ujinga nitasema ujinga.

Jana nimemsoma huyo wa stationery anayelia laptop imekufa na kazi zote za wateja zilikuwemo. Mkamcheka eti hajui backup.

Mie sikucheka.

Mimi ni fundi cherehani, sasa nimestaafu. Nimezaliwa upande wa Mtawanya, Mtwara, na ufundi nimeurithi kwa mama. Ilikuwa miaka ile ya ujamaa.

Mama hakujua kusoma. Kila mteja alikuwa na utepe wake wa kitambaa, umekatwa kwenye masalio ya nguo yake ya kwanza. Mama anaupitisha mabegani, anakata alama ndogo kwa mkasi. Kiunoni, alama. Kifuani, alama. Urefu wa gauni ndio urefu wa utepe.

Akiona rangi tu anajua huu wa nani. Tepe zote alizifunga fungu moja, na wa kwake ulikuwemo, wa buluu.

Mama akafariki kwa homa ya siku tatu.

Wakuu, mama hakupigwa picha hata moja maishani mwake. Na arobaini ilipopita, nguo zake tukazigawa sadaka kama ilivyo desturi yetu. Sikubakiza hata khanga. Nikabaki na cherehani na lile fungu.

Wakati huo mie nasoma ngumbaru, ile elimu ya watu wazima. (Wa siku hizi hamjui raha ya kuandika jina lako mara ya kwanza ukiwa na mtoto mgongoni.) Nikaona tepe ni mambo ya kizamani, wateja watanicheka. Nikanunua daftari na kalamu ya kuchovya wino, nikapima tepe moja moja kwa futi na kuandika inchi.

Wa mama niliuandika ukurasa wa kwanza.

Halafu zile tepe nikawashia moto wa kuchemshia mihogo. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa najiona msomi.

Haikupita mwaka, ikaja zamu yetu kuhamia kijiji kipya. Lori moja, kaya nne. Daftari nikaliweka kwenye droo ya cherehani, nikaona ndipo salama. Njiani mvua ikanyesha ya kumwaga. Tulipofika nikavuta droo, maji yakanimwagikia miguuni.

Karatasi zote za buluu, wino umeyeyuka. Hata namba moja haisomeki. Ningeandika kwa penseli ya ngumbaru leo nisingekuwa na uzi wa kuwaandikia humu jukwaani.

Nililia pale pale, watu wanashusha magodoro. Mume wangu akaniambia, "Wateja si wapo? Utawapima tena." Kweli, wateja wapo. Mama nitampimia wapi?

Kazi niliirudisha. Niliwaambia wateja kila mmoja aje na nguo yake ya zamani inayomkaa vizuri, nikaitandaza mkekani, nikapima nguo badala ya mtu. Mwezi mmoja daftari jipya likajaa. Siku hizi mngesema nimefanya restore.

Ukurasa wa kwanza niliuacha mtupu.

Ndipo nikakumbuka kuwa nguo za sadaka hazichomwi, zinavaliwa. Nikaanza kuuliza. Gauni moja alipewa Bi Somoe, mmoja wa waliomwosha mama, naye kahamia kwa mwanawe Msimbati. Nikaenda kwa miguu, futi shingoni.

Nilimkuta analo mwilini. Gauni la mama, wakuu.

Nikamweleza shida yangu. Akacheka mpaka akakaa. "Mwanangu, umechelewa! Mama yako alikuwa mwembamba, mie mnene. Nimelitanua kila upande, vipimo vyake vitoke wapi humu?"

Nikamwomba alivue. Akajifunga khanga, akanipa.

Mama alikuwa na tabia ya kuacha akiba nene ya kitambaa ndani ya mshono. Bi Somoe kalifumua, kala ile akiba. Lakini nilipolinyanyua juani nikayaona matundu ya sindano ya zamani, mstari mzima, kutoka kwapani mpaka kiunoni. Mshono wa mkono wa mama.

Nikapima matundu kwa matundu, na mabegani na pindoni vivyo hivyo. Bi Somoe ananishikia ncha ya futi. Hakucheka tena. Mwisho akasema, "Alikuwa hivi hivi. Nilimwosha mie."

Nilitaka nimwombe gauni lenyewe. Sikuweza, ni sadaka, na alikuwa hana la pili la Ijumaa. Nikarudi na namba tu, nikajaza ukurasa wa kwanza.

Kwa hiyo ndugu wa stationery, usikate tamaa. Wafuate wateja wako, kazi zako nyingi wanazo kwenye simu zao na kwenye makaratasi. Ila ukihamia mfumo mpya, wa zamani usiuchome kwa kuona aibu. Na copy isikae nyumba moja na mwenzake. Mie tangu hapo nilikuwa na madaftari mawili, moja kwa dada yangu Mikindani, na kila kabla ya Idi nalifuata tulinganishe.

Dada naye keshatangulia. Daftari lake wajukuu sijui walilipeleka wapi, na langu mchwa wameanza pembeni.

Kwa hiyo vipimo vya mama naviandika na humu, mkae navyo kwenye simu zenu. Mabegani kumi na nne. Kiuno ishirini na nane. Kifua thelathini na nne. Urefu arobaini na sita.

Aliyepoteza kitu akakipata, au hakukipata, aseme hapo chini. Nasoma zote, polepole.