Twyla na Mgongo wa Royce

Dada yangu Twyla ana wivu tangu utotoni. Mimi nikinunuliwa viatu, alikuwa hanisemeshi mpaka vichakae. Basi alipoolewa na Royce Stidham, mwanamume mtulivu asiyetazama wake za watu, nikamshukuru Mungu, nikajua tumepona. Kumbe wapi!

Royce aliendesha lori la jeshi kule Iraki. Siku moja bomu la kando ya barabara lililirusha lori, likatua kwa kishindo, naye akaendelea kuliendesha hadi kambini. Hakumwambia daktari yeyote. Alirudi kwetu hapa Kentaki, Marekani, na mgongo mbovu na mguu wa kushoto unaomuunguza usiku na mchana. Dada yangu ni mpishi wa shule, anabeba masufuria mazito kutwa, na akirudi anamvua mumewe buti. Ukimuuliza Royce anaendeleaje, jibu lake ni moja tu, yuko sawa.

Ombi lake la posho ambayo serikali huwapa askari waliopata ulemavu vitani lilikataliwa mara mbili. Mara ya kwanza alijiponza mwenyewe. Daktari wa uchunguzi alimwambia, "Inama," naye akainama mpaka vidole vikagusa sakafu, maana askari akiamriwa hainung'uniki. Daktari akaandika kwamba mgongo unakunjika vizuri. Tulipofika kwenye gari Royce alitapika kwa maumivu, na maneno aliyopewa na mkewe yalinitia haya hata mimi niliyeshika usukani. Mara ya pili wakasema hakuna ushahidi kwamba aliumia vitani. Ikabaki rufaa mbele ya jaji, na wakili akasema wazi kwamba bila shahidi aliyekuwemo ndani ya lori lile tusijisumbue. Posho ikikosekana, Royce angerudi kupakia magogo kiwandani, na mgongo ule usingemaliza mwaka.

Mtu huyo alikuwepo. Anaitwa Marisela Ocampo, anakaa Teksasi.

"Mwanamke?" Twyla akauliza.

"Askari," Royce akajibu.

"Miaka yote hii nasikia Ocampo, Ocampo, nami nadhani ni lijamaa la ndevu!"

Marisela alifika siku moja kabla ya rufaa kusikilizwa, akalala kwao. Ni mfupi, mcheshi, na ana sauti ya kuitia ng'ombe. Akamwita shemeji yangu "Stid," na shemeji yangu, ambaye hucheka kwa nadra, akacheka mpaka akashika meza. Tulipokuwa tunakula maharage na mkate wa mahindi, mgeni aliinuka bila kuambiwa, akakunja taulo, akaliweka nyuma ya kiuno cha Royce. Royce akaegemea. Twyla hujaribu kitu hichohicho kila siku, na kila siku taulo husukumwa pembeni. Nilimwona dada yangu akikatakata mkate ambao hakuna aliyeuomba.

Twyla na mgeni walipokuwa wanaosha vyombo, nami nikifuta meza, dada yangu hakuzunguka.

"Bibie, niambie. Wewe na mume wangu mlikuwa na nini huko?"

Marisela akaangua kicheko. "Na Stid? Dada, ungezinusa soksi zake ndani ya lori lile usingeniuliza. Baki naye, baki naye kabisa!"

"Mimi sicheki."

Mgeni naye akaacha kucheka. "Hakuna kitu, dada. Haki ya Mungu. Ananipigia simu tu mguu ukimzidi. Analia kidogo, namtukana kidogo, anatulia."

"Analia?"

"Kwani hujui?"

Twyla alikausha mikono yake taratibu. "Afadhali ungeniambia mlilala pamoja," akasema. Kisha akanivuta ukumbini. "Asubuhi mpeleke stendi arudi kwao."

"Na rufaa je?"

Akaenda kulala. Lakini asubuhi alimkaangia mgeni mayai, akamwekea sahani mbele bila kumtazama.

Tulikusanyika ofisini kwa wakili, jaji akiwa kwenye skrini. Marisela alieleza bomu, lori, na jinsi Royce alivyoshuka kambini akiwa ameng'ang'ania mlango. Alieleza vizuri, hata mimi nilikubali. Jaji akamgeukia Royce.

"Bwana Stidham, leo mgongo na mguu vikoje?"

Royce akakaza mabega. Akamtupia mkewe jicho. "Niko sawa, mheshimiwa."

Wakili akafumba macho.

"Stid, we mjinga!" Marisela akanong'ona.

Twyla akasimama. Nayajua mapozi yake akitaka kuvunja kitu.

"Mheshimiwa, mimi ni mke wake. Huyu analala kwenye kiti cha sebuleni, anauma mto nisimsikie, na mimi namsikia. Asubuhi mguu hauhisi sakafu, anajishikiza ukutani, akiniona anajifanya anatazama picha. Mimi nikiwemo humu, atakuwa sawa mpaka tumzike. Anayemwambia ni huyu hapa." Akamwonyeshea Marisela kidole. "Naomba nitoke, halafu umuulize tena. Na wewe Ocampo, sogea. Kaa hapa nilipokaa."

"Twyla," Royce akaita.

"Nyamaza. Mwangalie yeye, useme."

Akatoka, nami nikamfuata. Mlango wa ofisi ile ni mwembamba. Tulimsikia Marisela akisema kwa upole, "Haya Stid, ni mimi tu," kisha tukamsikia Royce. Alieleza moto unaoshuka kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu. Alieleza siku aliyoanguka bafuni, akalala palepale hadi aliposikia gari la mkewe, ndipo akajikokota kuinuka. Mwisho akasema anaogopa kwamba Twyla akiyajua yote atamchoka. Baadaye wakili alituambia kwamba maelezo hayo ndiyo yaliyompatia posho.

Pale nje ya mlango nikamshika dada yangu mkono. "Umesikia? Kumbe alikuwa anaogopa kukupoteza."

"Nimesikia," akasema, machozi yakimtiririka. "Na hata hilo, kamwambia yeye."