Washa Waifai Kabla ya Kuchomoa Waya

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko nyingine zote. Dhahabu ilikuwa imetupagawisha vijana, nami nikaacha ng'ombe wa baba kijijini kwetu Mbalibali, nikaja Tarime kuwauzia wachimbaji vifaa. Nilipanga chumba kwa Mzee Shabani, sonara. Kwa miaka minne sikukanyaga nyumbani. Mji ulijaa watu, lakini nilikula peke yangu, nikisikiliza redio ya jirani kupitia ukutani.

Mama alikuwa anapoteza macho. Dada yangu Bhoke akampeleka mjini Mugumu, kwenye duka la intaneti, anione kwa video walau mara moja kabla giza halijamfunika. Mimi nilikaa chumbani, kompyuta mpakato imechomekwa waya wa mtandao wa mwenye nyumba. Mama akatokea kwenye kioo, akasogea mpaka pua yake ikakijaza.

"Mwita, baba yangu, mbona umekonda? Hebu sogea kwenye mwanga nikuone."

Kweli chumba kilikuwa na giza. Lakini, nikiri, nilikuwa na langu pia: uani nimeegesha pikipiki mpya, nikataka aione. Nikachomoa waya, nikabeba kompyuta, nikatoka mbio. Nyumba ilikuwa na waifai, nikadhani kompyuta itahamia huko yenyewe. Mama akaganda, kisha akapotea.

Mzee Shabani akanikuta nabonyeza kila kitufe.

"Shikamoo mzee, mtandao wako umekufa!"

"Marahaba. Mtandao mzima, mgonjwa ni wewe. Ninyi watu wa machimbo, mnakata kamba kabla hamjatoka shimoni?"

Akanionyesha swichi ndogo ubavuni mwa kompyuta. Waifai ilikuwa imezimwa.

"Unaiwasha ungali kwenye waya. Unachagua jina la mtandao, unaweka nywila, unangoja ikuambie imeunganishwa. Ndipo uchomoe. Na hata hapo mazungumzo yaweza kukatika, kwa hiyo mwambie mwenzako: ningoje kidogo, nahama. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Nilipompigia Bhoke simu, gari la Mbalibali lilikuwa limeshaondoka nao. Nikaahidi kwenda kesho yake. Nilikwenda baada ya mwezi. Mama alinipapasa uso kwa vidole, taratibu, kama anayechambua mtama.

"Ndevu umeota lini?" akaniuliza.



Mwanangu, kuhama si kosa, wala usiogope mitambo. Kila mtu hujifunza kwa kukosea. Ila njia mpya ishike kwanza, ndipo uachie ya zamani. Fanya hivyo kwa kompyuta, fanya hivyo kwa watu wako. Na anayekupenda akikuambia sogea nikuone, msogelee yeye, usikimbilie kumwonyesha mali.

Mungu akujalie watu wa kukungoja, na akufikishe kwao wangali wanakuona.