Linatema Njano

Nesi nitakuwa tu, hata mkicheka. Niko mafunzoni kwenye zahanati moja huku Geita, na juzi niliapa Sista Mkuu atanikubali, apende asipende.

Kwenye benchi mchimbaji mmoja alikuwa akipaza sauti kwenye simu: "Linatema tangu asubuhi!"

Nikajua ni pafu. Kifua kikuu hicho! Nikavaa barakoa upesi.

"Linatema rangi gani, kaka?"

"Njano, nesi. Yaani inang'aa!"

Nikawatoa wagonjwa wote nje, nikamkabidhi kikopo cha makohozi mbele ya Sista. "Tema humu."

Akakigeuza-geuza. "Hakitatosha, nesi. Linalotema dhahabu ni duara letu, shimo letu kule mgodini. Mimi mzima. Mgonjwa ni mama yangu, huyo uliyemfukuzia juani."